Mashauri ya Kazi: Lisome Daftari la Simu Kabla ya Kununua Programu

Juma hili barua za ada ya shule na za mashamba zitaningojea kidogo. Nataka kujibu barua moja tu, nayo ni ya mama mmoja ambaye ni msimamizi wa chumba cha simu katika kampuni moja mjini. Jina lake silitaji, wala la kampuni, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Barua ilinifikia zamani kidogo. Nimengoja mpaka mambo yaishe ndipo niandike.

Mama huyu alisema hivi: "Tuko makarani kumi na wawili wa kupokea simu za wateja. Mkubwa wetu alinunua programu ya kusoma kumbukumbu za seva ya simu. Mwezi wa kwanza tu ikatoa karatasi yenye majina yetu, na mbele ya kila jina hesabu ya simu zisizopokewa. Binti mmoja ametokea wa mwisho, simu 212 kwa mwezi. Amepewa barua ajieleze, na akishindwa ataondolewa kazini. Mimi nakaa naye chumba kimoja kutwa nzima, sijamwona akiacha simu ilie. Tena mkubwa asema programu hii ni ndogo, tununue nyingine kubwa zaidi, naye ameniagiza mimi niichague. Sijui nichague ipi, na sijui nimsaidieje binti huyu."

Nilipoisoma barua hii niliona kwamba pana maswali mawili, na la pili ndilo zito. Programu ikichaguliwa vibaya fedha hupotea, lakini fedha hutafutwa tena. Karani akifukuzwa kwa hesabu isiyo ya kweli, nani atamrudishia jina lake jema? Kwa hiyo sikujibu kwa karatasi. Nilikwenda mwenyewe, pamoja na kijana mmoja wa jirani yetu ambaye kazi yake ni kutunza seva.

DAFTARI LENYEWE NI NINI?

Zamani karani wa simu alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, akiwaunganisha watu kwa mkono. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta iitwayo seva. Simu ikiingia, seva humsalimu mpigaji kwa sauti iliyonaswa, humweka katika foleni, kisha humtafuta karani asiye na mtu na kuliza simu yake. Na kila hatua seva huiandika mstari mmoja katika faili. Mafaili haya mafundi huyaita logi. Mimi nitayaita madaftari, maana ndivyo yalivyo.

Katika chumba cha mama yetu seva hutumia programu ya Asterisk, ambayo Mmarekani Mark Spencer aliianza mwaka 1999, na ambayo yeyote aweza kuipata na kuitazama ndani. Daftari lake la foleni huitwa queue_log. Ukilifungua utaona mistari mitupu isiyo na pambo, kila mstari umegawanywa vipande kwa kijiti kilichosimama wima. Kipande cha kwanza ni wakati. Cha pili ni namba ya mwito huo, mfano wa namba ya risiti: mistari yote ya mwito mmoja huwa na namba hiyo hiyo. Cha tatu ni jina la foleni, cha nne jina la karani, na cha tano ni neno la jambo lililotokea. Baada ya hapo hufuata vipimo.

Maneno ya kukumbuka si mengi. ENTERQUEUE maana yake mtu ameingia katika foleni. CONNECT, amepata karani. ABANDON, amechoka kungoja akaweka simu chini. COMPLETECALLER, mazungumzo yamekwisha na mpigaji ndiye aliyekata. COMPLETEAGENT, karani ndiye aliyekata. Na RINGNOANSWER maana yake karani huyu alipelekewa mwito lakini haukupokewa mezani pake. Neno hili la mwisho ndilo lililomponza binti yetu.

TULIYOYAKUTA

Binti alikuwa mezani pake tulipofika. "Shikamoo, mzee," alisema, na macho yalikuwa mekundu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuambie, simu hizi 212 unazijua?"

"Sizijui, mzee. Nyingine ningezisikia. Naulizwa habari za simu ambazo sikuzisikia hata mlio wake."

Kijana wetu aliomba nakala ya daftari la mwezi ule, nakala tu, ili lile la asili lisiguswe. Hakuitumia programu iliyonunuliwa. Alitumia kitu kidogo kiitwacho grep, ambacho kazi yake ni moja tu: unakipa neno, nacho kinakutolea kila mstari wenye neno hilo. Alikipa jina la binti na neno RINGNOANSWER, ikatoka mistari 212 kamili. Mkubwa wa kazi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Mnaona basi. Hesabu ni ile ile."

"Ni ile ile, mzee," kijana akajibu, "lakini tazama kipimo kilicho mwisho wa mstari."

Mwisho wa mstari palikuwa na namba. Katika mistari 30 iliandikwa 15000. Katika mistari 182 iliyobaki iliandikwa 0 au 1000.

Mkubwa akashtuka. "Elfu moja? Aliacha simu ilie sekunde elfu moja? Hizo ni karibu dakika kumi na saba!"

"Hapana, mzee. Muda wa kungoja foleni huandikwa kwa sekunde, lakini kipimo cha neno hili huandikwa kwa milisekunde. Elfu moja ni sekunde moja."

Chumba kizima kilinyamaza. Ni nani duniani awezaye kuinua simu iliyolia kwa sekunde moja, au isiyolia kabisa? Karani hakuukataa mwito; ni simu yenyewe iliyoukataa. Maana seva ikiipelekea simu mwito, na simu ikajibu papo hapo kwamba ina shughuli, seva huandika neno lile lile RINGNOANSWER na jina la karani aliyekaa hapo. Daftari halina hila. Laandika lililotokea, na kipimo chake laandika pia. Ni msomaji aliyelisoma nusu.

Tukashauri binti abadilishane meza na mwenzake kwa juma moja, bila mtu kugusa simu wala waya. Juma lilipokwisha, mistari ya 0 na 1000 ilikuwa imehamia kwa huyo mwenzake, naye binti alikuwa safi kama wengine. Fundi akaifungua simu ya meza ile, akakuta kitufe kinachobonyezwa na mkono wa simu kimechakaa. Karani aliweka simu chini, lakini simu yenyewe haikujua kwamba imewekwa chini. Na ile mistari 30 ya sekunde 15? Hizo zilikuwa simu zilizolia kweli bila kupokewa, nasi hatukuzificha. Lakini makarani wenzake walikuwa na idadi kama hiyo, wengine zaidi. Barua ya kujieleza ikafutwa, na mkubwa, ambaye ni mtu wa haki, alimwambia binti mbele ya wote kwamba amekosea.

Wasomaji wangu, tazameni jambo hili vizuri. Programu iliyonunuliwa haikusema uongo. Iliambiwa ihesabu neno, ikahesabu neno. Kosa lake ni kwamba ilitoa jumla, wala haikumpa mtu njia ya kurudi kwenye mistari yenyewe. Hapo ndipo lilipo jibu langu kwa mama msimamizi na kwa kila mtu atakayetumwa kuchagua programu ya namna hii: chagua ile itakayokuruhusu kuanza na jumla, ukashuka mpaka kwa mpigaji mmoja, ukaona mistari yake yote tangu alipoingia foleni mpaka alipotoka. Isiyoweza hivyo usiinunue, hata ingekuwa na picha na rangi kama khanga. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Sasa nitayataja maswali ambayo mtu aende nayo kwa muuzaji. Ayaandike, asiyaweke kichwani.

Swali la kwanza: programu yako husoma daftari lipi? Seva ya simu haina daftari moja tu. Mbali na lile la foleni liko jingine la miito, ambalo hutumika hasa kwa hesabu za malipo. Hilo huandika habari za mwito: ulianza lini, ukaisha lini, na matokeo yake. Katika matokeo hayo mara nyingi utasoma ANSWERED, yaani umejibiwa. Umejibiwa na nani? Kumbukeni ile sauti iliyonaswa inayomkaribisha mteja. Seva ikiisha kuufungua mwito ili sauti ile isikike, kwake yeye mwito umejibiwa, hata kama mteja angengoja nusu saa na kuondoka bila kuongea na mtu. Kampuni inayosoma daftari hilo peke yake itajisifu kwamba karibu kila mteja amejibiwa, na wateja wenyewe watakuwa wakilia huko nje. Kwa kazi ya foleni, programu isome daftari la foleni.

Hapo niongeze onyo. Ziko programu nzuri sana za kusoma madaftari ya seva za tovuti, kama AWStats na GoAccess. Zinaeleza ni watu wangapi walifungua ukurasa upi. Muuzaji asiyejua kazi yako aweza kukuletea moja ya hizo na kusema, "Hii inasoma logi." Ni kweli inasoma logi, lakini za kazi nyingine. Shoka na jembe vyote vina mpini. Huwezi kulima kwa shoka.

Swali la pili: saa zako ni za wapi? Katika queue_log wakati hauandikwi kwa saa na dakika. Huandikwa kwa hesabu ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia zihesabiwazo kutoka Greenwich. Ukiona 1717999200, hiyo ni tarehe 10 Juni 2024, na programu isiyopangwa vizuri itakuambia ilikuwa 06:00. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ilikuwa 09:00, nayo katika mdomo wa kila mtu wetu ni saa tatu asubuhi. Angalieni hatari yake. Msimamizi asomaye kwamba simu nyingi huingia 06:00 ataleta makarani alfajiri wakae bure, na saa tatu wateja wanapofurika atakuwa na watu wachache. Mwulize muuzaji akuonyeshe mwito mmoja ambao wewe mwenyewe umeupiga huku ukitazama saa yako ya mkononi.

Swali la tatu: wanaokata tamaa unawahesabuje? Wengi huridhika na wastani wa kungoja, nao wastani ni kitu cha kudanganya. Tuseme wateja kumi wamepiga. Tisa wamengoja sekunde 10 kila mmoja, na mmoja amengoja dakika 10. Wastani wao ni sekunde 69. Msomaji wa karatasi atasema, "Dakika moja na kidogo, si mbaya." Lakini hapana hata mmoja aliyengoja sekunde 69! Tisa walihudumiwa upesi, na mmoja aliteseka. Yafaa programu ikuonyeshe pia ni wangapi walingoja zaidi ya dakika moja, wangapi zaidi ya tano, na yule aliyengoja kuliko wote alingoja kiasi gani.

Kadhalika, si kila anayetoka foleni ametoka kwa hiari. Liko neno EXITWITHTIMEOUT, nalo maana yake muda uliowekwa umekwisha, seva ikamtoa mteja katika foleni. Huyo hakukata simu, kwa hiyo programu nyingine hazimtii katika hesabu ya waliopotea. Lakini kama hakupelekwa kwa mtu mwingine, hakika amepotea. Na kinyume chake, mtu aliyekata baada ya sekunde tatu huenda alikosea namba tu. Amueni ninyi wenyewe mpaka uwe sekunde ngapi, uandikeni, na msiubadilishe kila mwezi ili karatasi ipendeze.

Swali la nne: nitalipa kwa kipimo gani, na kesho je? Programu nyingine hulipiwa kwa idadi ya makarani, nyingine kwa wingi wa maandishi yanayoingia kila siku. Kwa hiyo pima daftari lako kwanza. Tuseme mnapokea simu 1,000 kwa siku, kila simu mistari mitano, kila mstari herufi 100. Hiyo ni nusu ya megabaiti kwa siku, na kwa mwaka mzima haifiki megabaiti 200. Ni kitu kidogo sana! Simu yoyote ya mkononi yaweza kukibeba. Mtu asikutishe kwamba wahitaji mtambo mkubwa.

Swali la tano: madaftari yatakaa wapi, na nani atayafungua? Ndani ya mistari ile zimo namba za simu za watu. Mteja aliyepiga saa nane za usiku kuulizia jambo la nyumba yake hakumpa kila mtu ruhusa ya kulijua. Tena sheria zipo. Kenya na Uganda zilitunga za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Muuzaji akisema madaftari yatapelekwa katika seva zake nchi za nje, usitie sahihi mpaka mwanasheria wenu ameona. Na hata yakikaa nyumbani, kila anayeyafungua awe na nywila yake mwenyewe. Kwa karatasi za kila siku namba za wateja hazihitajiki; zifichwe.

VYOMBO VYENYEWE

Baada ya maswali, tutazame vyombo, tukianza na vidogo.

Vidogo kabisa ni vile alivyotumia kijana wetu. Ile grep ilitengenezwa na Ken Thompson mwaka 1973. Mwenzake aitwaye awk alitokea mwaka 1977, na jina lake ni herufi za mwanzo za watengenezaji watatu, Aho, Weinberger na Kernighan. Wote walikuwa Bell Labs huko Marekani, nayo ilikuwa maabara ya kampuni ya simu. Basi vyombo hivi vilizaliwa katika nyumba ya simu, na mpaka leo havilipiwi. Hiyo awk yajua kugawanya mstari penye kijiti na kujumlisha kipande unachotaka. Ubaya wake ni kwamba sharti mtu ajifunze kuandika amri, na hakuna picha ya kumwonyesha mkubwa.

Ngazi ya pili ni programu za majedwali, kama Excel na LibreOffice. Makarani wengi wanazijua tayari, na hilo ni jambo kubwa. Lakini jedwali moja la Excel lina mistari 1,048,576, haliongezeki. Kwa mistari 5,000 ya kila siku, litajaa kabla ya miezi saba kwisha. Kwa kuchunguza juma moja yafaa sana. Kwa kutunza mwaka haifai.

Ngazi ya tatu ni hifadhidata. Iko SQLite, iliyotolewa na Richard Hipp mwaka 2000, ambayo huweka kila kitu katika faili moja na haina malipo. Hapo waweza kuuliza, "Nipe miito yote ya Juni iliyokatwa baada ya dakika mbili," ukapewa, na ukitaka mistari ya mwito mmoja ukapewa pia. Asterisk yenyewe yaweza kupangwa iandike daftari la foleni katika hifadhidata moja kwa moja.

Ngazi ya nne ni programu zilizotengenezwa hasa kwa daftari hili la foleni, kama QueueMetrics na Asternic. Hizi zinajua tayari maana ya CONNECT na ABANDON, na karatasi zake ziko tayari. Ukiwa na fedha na huna fundi, hapa ndipo pa kutazama. Lakini zijaribu kwanza kwa maswali niliyoyataja.

Ngazi ya tano ni mitambo mikubwa ya kukusanya madaftari ya seva nyingi mahali pamoja: Splunk, Graylog, Elasticsearch pamoja na Kibana yake. Hizi zina nguvu kweli. Kampuni yenye seva mia, inayotaka kujua kwa nini simu, tovuti na malipo vimesimama pamoja saa moja ile ile, itazihitaji. Lakini hazijui foleni ya simu ni nini mpaka mtu azifundishe mstari kwa mstari, na sharti awepo fundi wa kuzilinda kila siku. Splunk ina leseni ya bure kwa anayeingiza si zaidi ya megabaiti 500 kwa siku. Ninyi mtatosha humo bila shida, ila leseni hiyo haina nywila za watumiaji, na tumekwisha kusema namba za wateja zimo ndani. Nayo Elasticsearch yatufundisha jambo jingine. Tangu 2010 ilikuwa na leseni huru kabisa. Mwaka 2021 wenyewe wakaibadilisha, watu wengine wakiongozwa na Amazon wakachukua nakala ya zamani na kuanzisha OpenSearch, na mwaka 2024 wenyewe wakarudisha tena leseni ya msimbo ulio wazi kama njia mojawapo. Aliyejenga nyumba yake juu ya leseni ya mtu mwingine ahamishwa bila kuulizwa. Kwa hiyo, chochote mtakachonunua, madaftari ya asili yatunzwe kama yalivyo. Tena mwulizeni fundi seva huyafuta baada ya siku ngapi, maana seva nyingi zimepangwa kuyafuta ya zamani zenyewe.

SHAURI LANGU

Mama msimamizi, kwa chumba cha makarani kumi na wawili sioni sababu ya kupanda mpaka ngazi ya tano. Fanya hivi. Chagua asubuhi moja ya shughuli nyingi. Toa mistari ya saa moja tu, ichapishe karatasini, ukae na makarani wawili mwihesabu kwa kalamu: wangapi waliingia, wangapi walipata karani, wangapi walikata, wangapi walitolewa na seva, na aliyengoja zaidi alingoja kiasi gani. Hiyo karatasi ndiyo mizani yako. Kila muuzaji atakayekuja, mpe daftari la saa ile ile. Hesabu yake ikilingana na yenu, mwongojee aseme bei. Isipolingana, mwombe akuonyeshe mwito ambao mmetofautiana. Akiweza kukuonyesha, huenda ninyi ndio mliokosea, nanyi mtajifunza. Asipoweza, mshukuru kwa kuja, mpe chai, aende zake.

Wakati huo huo mwombe fundi wenu aingize daftari katika SQLite kila usiku na kukuandikia maswali sita au saba ya kila siku. Huenda baada ya miezi miwili ukaona hayo yanatosha, na fedha za mkubwa zikanunua simu mpya za mezani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Neno la mwisho ni kwa wakubwa wa kazi. Karatasi yenye majina ya watu na hesabu mbele yake si karatasi ya kawaida. Imebeba mkate wa watoto wa mtu. Kabla ya kuandika barua ya kumtaka karani ajieleze, itakeni kwanza hesabu yenyewe ijieleze. Fungueni daftari, mwiteni karani akae karibu nanyi, mtazame mistari pamoja. Akiwa na kosa ataliona mwenyewe, wala hatakuwa na la kujibu. Akiwa hana, mtakuwa mmeokoa mtumishi, na huenda mkapata kitufe kilichochakaa.

Binti yetu yuko kazini bado. Juma lililopita mama yake alinipitia nyumbani na mkungu wa ndizi. Nilimwambia ndizi hizi ni za kijana wa seva, nikamtumia nusu. Nusu nyingine, wasomaji wapenzi, nimeila mimi.

Kwaherini mpaka juma lijalo.